Mawe Yenye Umbo la Konokono: Je, Tuchimbe?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Garissa, Wajir na Mandera. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



  Leo hatutazungumza habari za mbuzi wala za kuku. Tuna jambo moja tu, ambalo vikundi vitatu vimetuletea kwa nyakati tofauti, na tulipoyaweka maneno yao pamoja tukaona ni swali lile lile.

Kuna mawe ambayo vijana huyaokota makorongoni wakichunga. Jiwe limejikunja kama pembe ya kondoo dume, au kama konokono. Mengine yana umbo la kombe la baharini lililofumba mdomo. Watoto huyachezea, na wazee wengine huyaweka nyumbani kwa sababu tu yanapendeza. Sasa pamezuka habari kwamba mawe haya huko ng'ambo ni vito, kwamba yanavaliwa na matajiri, na kwamba yupo mtu anayezunguka akisema chimbeni mjaze magunia, mimi nitarudi na pesa taslimu. Kikundi kimoja kilikuwa kimeshakaa kikao ili kitoe pesa za akiba kununua masururu na kukodisha lori.

Jibu letu fupi ni hili. Mawe hayo ni makombe ya kweli ya zamani, hapo hamkudanganywa. Ng'ambo yako makombe ya kale ambayo ni vito, hapo pia hamkudanganywa. Lakini haya yetu si vito hivyo, na hata shilingi moja ya akiba ya kina mama isitoke kwa ajili yake. Jibu refu ndilo tumewaitia, maana mtu akijua sababu, hata akija broka wa pili na wa tatu na maneno mengine, hatayumba.

BAHARI ILIKUWA HUKU

Mtu wa Mandera akiambiwa kwamba kwao palikuwa bahari, hucheka. Maji ya kunywa ni taabu, bahari itoke wapi? Lakini mawe yanasema hivyo. Kuanzia upande wa Rhamu na Mto Daua, sehemu kubwa ya Mandera ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya maji ya chumvi, katika enzi ambayo wataalamu wanaiita Jurasiki, kama miaka milioni 160 hivi iliyopita. Wakati huo kisiwa cha Madagascar kilikuwa kinaachana na bara letu. Kabla ya hapo kilikuwa kimekaa ubavuni mwa Kenya na Somalia. Ardhi ilipopasuka, bahari iliingia katika ule ufa na kupanda juu ya nchi, ikakaa miaka mingi mno, kisha ikaondoka. Iliacha matope yaliyokauka yakawa mawe, na ndani ya matope yale walikuwamo wanyama waliokufa.

Yule aliyejikunja kama pembe ya kondoo huitwa amonaiti. Hakuwa konokono, ingawa anafanana naye. Alikuwa ndugu wa pweza na ngisi, mwenye mikono mdomoni, akielea na kuogelea huku amebeba nyumba yake. Nyumba ile ilikuwa na vyumba, na kadiri alivyokua alijenga chumba kipya na kuhamia mbele. Ukilipasua jiwe lake vizuri utaviona vile vyumba. Jamii yake yote ilikwisha duniani kama miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule mijusi wale wakubwa walipokwisha. Kitu cha namna hii kilichogeuka jiwe, kiwe kombe, mfupa au jani, kwa Kiswahili huitwa kisukuku.

Watu wa Garissa msihangaike kutafuta. Ardhi ya Garissa juu ni mchanga na udongo ulioletwa na maji, na makombe meupe mnayoyaona kandokando ya Tana ni ya juzi juzi tu, ya mto. Ndugu zao wa pwani ndio wanaoweza kukuta amonaiti, maana mawe ya bahari ile ile yapo pia nyuma ya Mombasa na Kilifi.

KOMBE LINAGEUKAJE KITO?

Vito vyenyewe vinapatikana Kanada, upande wa kusini wa jimbo la Alberta. Huitwa amolaiti. Ni ganda la amonaiti lenyewe, likiwaka rangi nyekundu, kijani, na mara chache bluu, kama mafuta ya dizeli yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji. Mwaka 1981 shirikisho la kimataifa la wafanyabiashara wa vito lilikubali rasmi kwamba ni kito, na mwaka 2004 jimbo la Alberta likakifanya kuwa kito chake.

Rangi zile zinatoka wapi? Kila mtu aliyeona kombe la chaza kwa ndani ameona ule mng'ao kama wa lulu. Mnyama anapojenga ganda lake hupanga vigae vidogo sana vya chokaa, kigae juu ya kigae, vyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwanga ukipiga juu ya vigae hivyo hugawanyika rangi rangi. Kwa hivyo rangi haikupakwa. Imo katika ule mpango wa vigae, na mpango ukivurugika, rangi imekwenda.

Na kwa kawaida huvurugika. Chokaa ya ganda bichi ni ya aina moja, huitwa aragonaiti, ambayo haidumu. Maji ya ardhini yakipita humo miaka na miaka huivunja na kuipanga upya kuwa chokaa ya aina ya pili, kalsaiti, ambayo ni tulivu lakini haina vile vigae. Mara nyingi zaidi ganda huyeyuka lote, na tope lililokuwa limeingia ndani ndilo linabaki. Ni kama ugali uliogeuzwa kutoka kwenye sufuria: umbo la sufuria lipo, sufuria yenyewe haipo. Mawe yenu mengi ni ugali, sio sufuria. Ndiyo maana ni ya kijivu au ya rangi ya udongo, nje na ndani, na ukiyasugua mpaka kesho hayatawaka.

Kule Alberta mambo yalikwenda tofauti. Makombe yale yana umri wa miaka kama milioni 70, chini ya nusu ya umri wa haya yetu. Yalizikwa katika udongo mzito uliochanganyika na majivu ya volkano, udongo usiopitisha maji kwa urahisi, na mengine yakafunikwa na gamba gumu lenye chuma. Hayakupikwa na joto jingi la ardhini. Yaani yalifungwa kama dawa kwenye chupa. Mambo hayo yote kutokea mahali pamoja ni nadra, ndiyo maana karibu amolaiti yote ya biashara duniani inatoka katika sehemu ile moja.

Hata huko, msifikiri mtu anachimba Jumatatu na Ijumaa ametajirika. Wanatumia mitambo mikubwa, tingatinga inapasua udongo na watu wanatembea nyuma yake wakitazama chini. Katika makombe yanayotoka, sehemu ndogo tu ndiyo inafaa kwa pete na mikufu. Tabaka lenye rangi lenyewe mara nyingi halifiki unene wa milimita moja. Ni laini pia, kisu cha jikoni kinalikwaruza. Kwa hivyo hutiwa gundi maalumu lisibanduke, hubandikwa juu ya jiwe gumu, na mara nyingi hufunikwa kwa kioo au jiwe jingine linalopitisha mwanga. Hesabu basi ni mikono mingapi imepita kati ya shimo na duka. Thamani kubwa inaingia katika hiyo mikono, sio katika gunia.

Ardhi inayotoa amolaiti nyingi ni ya kabila la Wakainai, ambao ni sehemu ya watu wa Blackfoot. Ni wenyeji wa asili wa nchi ile. Tangu zamani waliyajua mawe haya, wakiyaita iniskim, na waliyahusisha na bahati ya kuwapata wale nyati wao wa nyikani waliokuwa chakula chao. Tunafikiri wafugaji watawaelewa. Kampuni kubwa ya uchimbaji, ambayo ilianza kazi mwaka 1979, haikumfuata mzee mmoja jioni na kumpa bahasha. Inachimba kwa mapatano na kabila lenyewe, na kabila hulipwa kwa ardhi yake. Tutarudi kwenye jambo hili, maana ndilo tunalotaka mlikumbuke kuliko rangi za mawe.

Karibu na sisi zaidi ni Madagascar. Upande wa Mahajanga, kaskazini-magharibi ya kisiwa, wanavijiji huchimba amonaiti kwa mikono. Mengine yana mng'ao kidogo, mengine hukatwa katikati na kung'arishwa ili vile vyumba vionekane, na hukuta yamejaa fuwele nzuri. Yanauzwa dunia nzima kama mapambo. Mtu wa Mandera anaweza kusema, basi si ni bahari moja na yetu, kwa nini sisi hapana? Ni kweli bahari ilianza kuwa moja. Lakini yale ya Mahajanga yenye mng'ao ni ya enzi ya baadaye na yalilala katika udongo mwingine. Na yule anayeshuka shimoni kule ndiye anayepata kidogo kuliko wote wanaolishika jiwe lile baadaye.

MAJARIBIO MATATU YA BURE

Kabla hujamwamini mtu, kuna mambo unaweza kuyafanya mwenyewe, na gharama yake ni ndimu moja.

La kwanza, lowesha jiwe na uligeuze geuze juani. Kama ni ganda lenye mng'ao, rangi zitabadilika unapolizungusha. Kama ni kijivu likiwa kavu na kijivu kilichokolea likiwa na maji, hiyo ni chokaa tu. Maji hupendezesha kila jiwe, na mabroka wanajua hivyo.

La pili, kwaruza kwa ukucha. Likikwaruzika kwa ukucha, huenda ni jasi. Lisipokwaruzika kwa ukucha lakini likakwaruzika kwa kisu, huenda ni chokaa. Kisu kikiteleza bila kuacha alama, hilo ni jiwe gumu la aina nyingine.

La tatu, kwangua unga kidogo wa jiwe na uutonee maji ya ndimu. Ukitoa povu dogo, ni chokaa. Jasi haitoi povu. Majaribio haya hayatoshi kwa biashara, lakini yanatosha kumnyamazisha mtu anayesema ana almasi.

SHERIA INASEMAJE

Hapa tunaomba masikio, hasa makatibu.

Kisukuku katika Kenya sio kama kuni, eti aokotaye ni chake. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema anayegundua kitu cha namna hiyo atoe habari kwa Makavazi ndani ya siku saba na aonyeshe mahali hasa kilipopatikana. Kuchimba kuvitafuta kunataka leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kwa hivyo yule anayesema mjaze magunia naye atayapeleka ng'ambo, muulizeni kwa adabu kibali kiko wapi. Lori likishikwa njiani, majina yatakayoandikwa ni ya nani? Ni ya dereva na ya kikundi. Yeye atakuwa ameshuka kituo kilichopita.

Wengine wataona sheria hii ni ya kuwanyima maskini. Sisi hatuoni hivyo. Jiwe likitolewa mahali pake bila kuandikwa, limepoteza nusu ya habari zake, kama barua iliyochanwa anwani. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona chini kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Hakuwa mtu wa chuo kikuu, alijifunza kazi kwa macho yake. Kwa sababu kipande kile kilitazamwa pale pale kilipokuwa, kikafukuliwa kwa utaratibu, yakapatikana mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, karibu mwili mzima. Leo dunia yote inamjua. Kama kipande kile kingeuzwa kwa gunia, kingekuwa kokoto.

Na Kanada pia ni vivyo hivyo. Mwaka 2007 wachimbaji wa amolaiti walikuta mifupa ya mnyama wa bahari mwenye urefu wa mita 11, na shingo peke yake kama mita 7. Mfupa ule ulikuwa mali ya umma, ukaenda kwenye makavazi ya jimbo.

Madini yenyewe ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya boma lako. Mchimbaji mdogo wa mkono anaruhusiwa, lakini kwa kibali kinachopitia ofisi ya madini ya kaunti. Kibali hicho ni cha raia wa Kenya aliyetimiza miaka 18, hudumu miaka mitatu, na huweza kurudiwa mara moja. Mrabaha unaolipwa kwa serikali hugawanywa: asilimia 70 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 10 jamii ya mahali palipochimbwa. Msikilize vizuri: ni asilimia 10 ya mrabaha, sio ya mauzo. Tumesikia watu wakigombana kwa sababu walidhani ni ya mauzo.

Tena iko Sheria ya Ardhi ya Jamii, nayo ya mwaka 2016. Mapatano ya uwekezaji katika ardhi ya jamii hayasimami mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii ile wakubali katika mkutano wao. Theluthi mbili ya watu wazima! Kina mama ni watu wazima, na vijana waliotimiza umri vilevile. Karatasi iliyotiwa sahihi na wazee watatu chini ya mti, hata kama ni wazee wa heshima, haitoshi. Tuliwaambia habari ya Wakainai kwa sababu hii. Wao hawakushinda kwa kuwa na kito. Wangekuwa na kito na bado wakabaki nje ya ua wakitazama malori. Walipata sehemu yao kwa kuwa ardhi ilizungumza kwa mdomo mmoja.

JAMBO AMBALO HATUWEZI KULIPITA

Tunapozungumza na vijana habari za kuchimba mawe Mandera, itakuwa uwongo kunyamaza. Usiku wa tarehe 2 Desemba 2014, katika timbo la Koromei karibu na mji wa Mandera, wachonga mawe 36 waliuawa na al-Shabaab. Tarehe 7 Julai 2015, usiku tena, wengine 14 waliuawa Soko Mbuzi. Wengi walikuwa wametoka sehemu nyingine za nchi, wametafuta riziki kwa patasi na nyundo, na pesa walikuwa wakituma nyumbani. Walishambuliwa mahali walipolala.

Hatusemi haya kumtisha mtu. Tunasema kwa sababu broka anapohesabu gharama huhesabu mafuta ya lori na chakula. Kikundi kinapohesabu lazima kihesabu na mtu. Nani atalala machimboni? Ni wa wapi? Wazee wa pale wanamjua? Chifu na walinzi wa usalama wameambiwa? Kama hakuna jibu, hakuna kazi, hata kama chini kuna dhahabu. Na ndugu yetu mgeni anayechonga jiwe la kujengea nyumba yako ni mgeni wako, wala sio wa mwenye timbo peke yake.

KILICHOPO KWELI

Sasa mtatuuliza, mmetukatalia makombe, mnatupa nini? Hatuna cha kutoa mfukoni, lakini chini ya miguu yenu kipo.

Kwanza jasi. Ipo El Wak, ipo upande wa Garissa na Tana River. Ni chumvi ya mawe iliyobaki maji ya chumvi yalipokauka. Viwanda vya saruji huihitaji, maana huchanganywa kidogo katika saruji isigande upesi mno fundi akiwa bado anapiga plasta. Chaki ya ubao wa shule hutokana nayo pia. Haina mng'ao wa kuvaa shingoni, lakini ina soko linalojulikana. Hapo kikundi kisiibiwe kwa kipimo. Mnunuzi hupenda kununua "kwa lori", na lori za siku hizi zimeongezwa mbao pembeni. Pimeni wenyewe urefu, upana na kimo cha boksi lake kwa mita, mzidishe, muandike. Mita moja ya ujazo ya jasi ngumu isiyovunjwa ina uzito wa kama tani 2.3. Ikivunjwa na kurundikwa inapungua kwa sababu ya nafasi katikati. Afadhali mkubaliane bei kwa tani, na karatasi ya mizani irudi kwa kikundi. Asiyetaka kurudisha karatasi ya mizani mmeshamjua.

Pili, chokaa yenyewe. Tunataka mfikirie hili kidogo: nyumba nyingi za Kenya zimejengwa kwa visukuku. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954 kwa kusaga mwamba wa matumbawe ya kale, yaani mifupa ya bahari. Makombe ya kale yalileta pesa Kenya kwa njia hiyo, kwa tani nyingi na faida ndogo kwa kila tani. Kikundi hakiwezi kuanzisha kiwanda. Lakini mawe ya kujengea na kokoto hutakiwa kila mahali shule na zahanati zinapojengwa, na sio kazi ya aibu.

Kuchoma chokaa ndiko hatukupendekezi. Tunajua mtu atasema babu zetu wa pwani walichoma kwenye tanuu. Ni kweli, lakini hesabu ni mbaya kwetu. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 tu za chokaa mbichi, zilizobaki huruka na moshi, na moto wake ni mkali mno. Kuni zitatoka wapi? Zitatoka kwenye migunga ambayo ngamia na mbuzi wanaitegemea wakati wa ukame. Tena chokaa mbichi ikigusa jasho huunguza, na ikiingia jichoni inaweza kulipofusha. Tungependa kuwaona na macho yenu na miti yenu.

MASHIMO

Machimbo yakiachwa wazi ni deni. Mvua ya Gu ikija, shimo linajaa, mtoto anateleza, mbuzi anazama, mbu wanazaliana. Tumeona mashimo ya watu waliochukua walichotaka wakaenda, na hakuna hata anayekumbuka majina yao.

Bamburi walianza kulitengeneza timbo lao mwaka 1971, wakati mtaalamu wa kilimo Mswisi René Haller alipopewa kazi ya kupanda miti kwenye mwamba mtupu. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, na kati yake mvinje ndio uliosonga mbele. Majani yake makavu yalikataa kuoza, hadi alipoleta jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Jongoo, jamani! Leo pale ni msitu na bustani ya wanyama. Lakini tusijidanganye, kule maji yako karibu chini ya sakafu ya timbo. Huku kwetu hatuna hayo. Chetu ni mvua ya msimu, kwa hivyo shimo letu likitengenezwa liwe waro.

Kwa shimo lililoko kwenye udongo mfinyanzi hii inawezekana: upande mmoja ulazwe uwe mteremko wa mifugo kushukia, pande nyingine zizungushiwe miba, na mfereji wa kuingiza maji uwe na kidimbwi kidogo mbele cha kuachia tope. Shimo la mwamba wa chokaa uliopasuka halitashika maji, msipoteze jasho. Lile jazeni mawe mabovu au wekeni ua imara. Shimo la jasi lina tatizo lake: maji yakikaa humo huwa machungu, mifugo wanaweza kuyanywa kama sio mengi sana, watu yasiwe yao.

Basi kabla ya mwezi ujao kila kikundi kiandike mambo manne kwenye daftari na kutuletea. Mashimo mangapi yameachwa wazi katika eneo lenu, na kila moja liko kwenye udongo gani. Nani alichimba. Kama jamii yenu imesajili ardhi yake au bado, na kama bado, imefikia wapi. Na kama kuna karatasi yoyote ambayo mtu ametia sahihi kwa niaba yenu, leteni nakala, hata kama mnaona haya. Kikundi kilichopata jiwe la konokono lililo kamili kisilipasue. Liacheni lilipo, wekeni alama ya mawe matatu, andikeni jina la korongo na siku mliyoliona, nasi tutawasaidia kuandika barua kwa Makavazi zile siku saba zikiwa bado hazijaisha.